Kalkulateri (kompyuta ya injini) ya lori la zamani: kabla ya kununua nyingine, tafuta kilichoiua

Miaka michache iliyopita Mama mmoja anayeleta viazi na maharagi kutoka Masisi aliniletea Canter yake ikiwa imekokotwa. Stata ilizunguka vizuri, injini haikuwaka, skana (mashine ya kusoma makosa ya gari) haikuingia. Nikapima haraka haraka, nikamwambia: "Mama, kalkulateri imekufa." Akalipa. Kompyuta ya okazyo (iliyokwisha kutumika) ikatoka Kampala, nikaifunga, lori likawaka mara ya kwanza tu, na sote pale garajini tukafurahi. Siku ya nane likazima tena karibu na Sake likiwa limejaa viazi. Ikabidi akodi gari jingine la kuhamishia mzigo, na mvua ilikuwa inanyesha. Fedha ya kazi yangu nilimrudishia. Ya kompyuta sikuwa nayo.

Nilipoifungua ile ya pili nikaona kitu ambacho ningekiona kwenye ya kwanza kama ningeifungua: transista moja (swichi ndogo ya umeme) imepasuka, na njia ya shaba iliyo jirani nayo imeungua. Mahali ni palepale kwenye zote mbili. Nikaufuata waya wa pini ile hadi mwisho wake, nikakuta valvu ndogo ya umeme kwenye injini. Koili yake ilitoa omu 4, wakati valvu mpya ya aina ileile ilitoa omu 35. Hesabu yake ni rahisi. Volti 28 kwenye omu 35 zinapitisha ampea 0.8. Kwenye omu 4 zinapita ampea 7, na transista ile haikutengenezwa kubeba ampea 7. Kumbe kalkulateri zote mbili zilikuwa zimeuawa na kitu kimoja, nami nilikuwa nazika marehemu bila kuuliza amekufaje.

Haya ninayoyaandika ndiyo ninayoyafuata tangu siku ile. Yanahusu magari ya mizigo ya mazutu (dizeli) ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, yaani pikapu za volti 12 na malori ya volti 24 ambayo pampu au injekta zake zinaongozwa na kompyuta. Injini kama 1HZ ya Toyota, yenye pampu ya kimakanika, usiitafutie ugonjwa huu. Haina kalkulateri ya kuongoza mazutu.

Kwanza umeme na masi

Usiguse skana bado. Chukua testa (kipima volti na omu) na uanzie kwenye batri.

Lori la volti 24 lina batri mbili za volti 12 zilizofungwa moja nyuma ya nyingine. Pima kila moja peke yake, usipime jumla tu. Mashoferi wetu wengi huvuta volti 12 kwenye batri moja kwa ajili ya radio au chaja za simu. Batri ile inachoka, na mwenzake anajazwa kupita kiasi. Jumla utaiona ni volti 24.8 na utasema ni nzuri, kumbe moja ina 13 na nyingine 11.8. Stata ikivuta, ile dhaifu inaanguka na kompyuta inakosa umeme kwa muda ule ule inapotakiwa kufanya kazi. Wakati wa kupiga stata, lori la volti 24 lisishuke chini ya 18 au 19, na pikapu ya volti 12 isishuke chini ya 9.6. Zikishuka, tengeneza batri na nyaya kwanza. Kila utakachokipima baada ya hapo bila kutengeneza kitakudanganya.

Sasa masi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye chesi na kwenye injini. Hapa naomba usiwe na haraka. Goma tunaishi chini ya volkano ya Nyiragongo. Moshi wake unaposhuka na mvua, maji yale yana asidi. Yanakula mabati ya nyumba zetu na yanakula vichwa vya nyaya vilevile. Nimefungua boliti za masi ambazo kwa nje zilikuwa safi, lakini chini ya kichwa cha waya palikuwa na unga wa kijani mzito kama ukoko wa sufuria. Kuangalia kwa macho hakutoshi. Na kupima omu nako hakutoshi, kwa sababu waya uliobaki na nyuzi tatu bado utakuonyesha sifuri.

Kipimo cha kweli ni hiki. Weka testa kwenye volti za DC. Ncha moja ishike nguzo hasi ya batri yenyewe, si kibano chake. Ncha nyingine iingie kwa nyuma kwenye pini ya masi ya kalkulateri, soketi ikiwa imechomekwa. Mwambie msaidizi apige stata. Ukisoma volti 0.1 au chini, masi ni nzima. Ukifika 0.2, anza kusafisha. Siku moja nilisoma volti 1.4 kwenye pikapu ambayo tayari ilikuwa imebadilishwa kompyuta mara moja huko ilikotoka. Tulifungua waya mmoja unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesi, tukausugua kwa msasa, tukaurudisha na grisi juu yake. Gari likawaka. Kompyuta yake ya kwanza bado ipo kwenye kabati langu na inafanya kazi.

Mwisho, injini ikiwa inawaka (kama inawaka), pima chaji: volti 13.8 hadi 14.4 kwa pikapu, 27.5 hadi 28.8 kwa lori. Halafu geuza testa iende kwenye volti za AC, ncha zikiwa palepale kwenye batri. Zaidi ya nusu volti kwenye pikapu maana yake diodi za alternateta zimeharibika, na umeme unaokwenda kwenye kompyuta una mawimbi. Alternateta ya hivyo inaweza kukutesa mwezi mzima kwa dalili zinazokuja na kuondoka.

Ukifungua kontakti, taa ya injini haiwaki

Taa ya injini kwenye dashibodi inapaswa kuwaka ukifungua kontakti, yaani ukigeuza ufunguo bila kupiga stata. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, kalkulateri haijaamka. Si lazima iwe imekufa.

Tafuta fyuzi zake. Nyingi zina zaidi ya moja: ya umeme wa kudumu, na ya umeme unaokuja na kontakti. Kisha rele kuu, ile inayoipa kompyuta chakula chake. Iguse kwa kidole msaidizi akifungua kontakti. Ikilia tiki bado haijathibitisha kitu, maana ncha za ndani huungua na rele ikaendelea kulia. Pima volti zinazotoka upande wa pili, tena ukiwa umeunganisha balbu ya taa kubwa kama mzigo. Fyuzi na rele zikiwa nzima, pima moja kwa moja kwenye pini za kompyuta. Umeme upo, masi ipo, na bado haiamki? Usiihukumu. Kuna kitu kimoja kinachofanana kabisa na kifo, nacho ni volti 5.

Kalkulateri hutengeneza volti 5 ndani yake na kuzigawa kwa sensa: ya pedali ya mafuta, ya presha ya turbo, na nyingine kadiri ya gari. Sensa moja ikishika masi kwa ndani, au waya wake ukiwa umechunwa na kugusa injini, kwenye kompyuta nyingi zile volti 5 zinaanguka zote. Kompyuta inazimia. Skana haiingii, taa haiwaki, na yeyote atakayekuja atasema imekufa.

Fanya hivi. Chomeka ncha ya testa kwenye pini ya volti 5 ya sensa ya pedali, kontakti ikiwa wazi. Ukisoma sifuri au volti moja na kitu, acha testa palepale, mwambie msaidizi aitazame, wewe nenda ukachomoe sensa nyingine moja moja. Ukichomoa iliyo mbovu, atakuambia mwenyewe. Kwangu kijana anayejifunza kazi alipiga kelele, "Mzee, tano imerudi!" nilipochomoa sensa ya presha ya turbo, na taa ya injini ikawaka papo hapo kwenye dashibodi. Lori lile lilikuwa limelala siku kumi na moja likisubiri kompyuta kutoka Dubai.

Ukimaliza kuchomoa zote na volti 5 hazijarudi, fuata nyaya. Malori yanayobeba maharagi yana panya, na panya anapenda nyaya zilizopita mahali pa joto. Waya ukiwa mzima na sensa zote zimechomolewa, ndipo shaka inaelekea kwenye boksi lenyewe.

Stata inazunguka, taa ya injini inawaka, injini haiwaki

Kompyuta iliyowasha taa yake na kuzungumza na skana kwa kawaida ipo hai. Tazama kwanza mazutu: yanafika? Yana maji? Kisha tazama mizunguko ya injini kwenye skana wakati stata inazunguka. Ikionyesha sifuri, kompyuta haijui kama injini inazunguka, na haiwezi kutoa mazutu kwa injini iliyosimama. Sensa ya mzunguko ndiyo ya kupimwa. Ile ya nyaya mbili hutoa volti za AC yenyewe: ichomoe, unganisha testa, piga stata, na unapaswa kuona nusu volti na zaidi. Ya nyaya tatu mara nyingi inahitaji kulishwa, kwa hiyo ipime ikiwa imechomekwa.

Kwenye Toyota za zamani, kama zenye injini ya 1KZ-TE iliyoanza kufungwa mwaka 1993, huhitaji hata skana. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye maandishi DIAGNOSTIC. Ukifungua kifuniko, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha fungua kontakti. Taa ya injini itapepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, haijahifadhi kosa lolote. Ikipepesa mara moja, ikatulia kidogo, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 12. Namba 12 na 13 zinahusu mzunguko wa injini, 14 muda wa kurusha mazutu, 18 valvu ya kukatia mazutu kwenye pampu, 19 pedali, 22 joto la maji, 35 presha ya turbo. Andika kila namba kabla ya kuchomoa batri, kwa sababu ukichomoa inasahau.

Namba hizo zinakuonyesha njia, hazikuambii cha kununua. Namba 18 inaweza kuwa valvu, waya, au kompyuta inayoilisha valvu. Ukisoma namba, upime kile kinachotajwa na waya wake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Asubuhi inawaka, ikipata joto inazima

Hii ndiyo dalili inayowachosha watu kuliko zote. Lori linatoka Goma asubuhi, linafika Sake, linazima. Linapumzika nusu saa, linawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukifika na testa, kila kitu ni kizima.

Watuhumiwa ni wawili: sensa ya mzunguko, ambayo koili yake inakatika ikitanuka kwa joto, na risasi ya kulehemu iliyopasuka ndani ya kalkulateri. Barabara zetu za mawe ya lava zinatikisa boksi lile kwa miaka, na mpasuko mwembamba kama unywele unatosha. Unawatenganishaje? Gari likizima, usisubiri lipoe. Lowesha kitambaa maji baridi, kiweke juu ya sensa ya mzunguko peke yake, hesabu dakika mbili, piga stata. Likiwaka, umemkamata. Lisipowaka, hamia kwenye kompyuta.

Kuipima kompyuta, mimi huazima mashine ya kukaushia nywele kwenye saluni ya jirani. Injini ikiwa baridi na inawaka, napuliza joto kwenye boksi la kalkulateri pole pole, mkono wangu ukiwa juu ya boksi muda wote. Joto ambalo mkono hauwezi kulivumilia ni kubwa mno. Kama ni yenyewe, ndani ya dakika tano au kumi injini itaanza kukohoa huku sensa zote zikiwa bado baridi. Baadaye naligonga boksi kwa mpini wa bisibisi, taratibu, pembe kwa pembe. Injini inayoshtuka kwa kugongwa ina risasi iliyopasuka au pini iliyolegea, na zote mbili zinatengenezeka bila kununua chochote.

Haina nguvu, au inatoa moshi mweusi

Ni nadra sana kuwa kalkulateri. Chujio la hewa, bomba la turbo lililopasuka, injekta, chujio la mazutu: anzia huko. Nataka kusema jambo moja tu hapa, kwa ajili ya vijana wanaosoma vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa pwani. Kontakti ikiwa wazi na injini imezimwa, sensa ya presha inasoma hewa ya kawaida tu. Kitabu kinasema kPa (kilopaskali, kipimo cha presha) 100 hivi. Goma tupo karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu ni karibu kPa 85. Ukisoma 85 sensa ni nzima. Ukisoma 100 hapa kwetu, hiyo ndiyo mbovu.

Kulifungua boksi lenyewe

Umefika hapa baada ya kupima yote hayo. Kwenye pikapu nyingi kompyuta ipo nyuma ya sanduku la glavu au chini ya paneli ya miguu upande wa abiria. Kwenye malori mara nyingi ipo ndani ya kabini. Kwenye Actros za kuanzia mwaka 1996 zipo mbili, moja kwenye ubavu wa injini na nyingine kabini, na zinazungumza kwa waya. Waya ule ukikatika zote zitaonekana mbovu.

Toa kibano cha hasi cha batri, subiri dakika kumi, gusa chuma cha chesi ili mwili wako upoteze umeme wake, kisha chomoa soketi. Kwenye injini za komonreli, ambazo injekta zote hulishwa na bomba moja la mazutu la presha kubwa, subira hiyo ni ya lazima. Kompyuta zake hupandisha volti za injekta hadi zaidi ya 50, na nyingine zaidi ya 100, na umeme ule hubaki ndani kwa muda.

Kwanza tazama soketi. Pini ya kijani, pini iliyorudi nyuma, tone la maji: ugonjwa unaweza kuwa huo tu. Kisha nusa. Boksi lililoungua halifichi harufu. Kompyuta za Kijapani za miaka ya 1990 zina harufu nyingine, ya samaki aliyekaa, nayo ni ya kapasita zilizovuja. Utaona chini ya kapasita ndogo za duara kuna unyevu au doa jeusi, na njia za shaba zilizo karibu zimeanza kuliwa. Zibadilishe zote, si iliyovuja peke yake. Weka zenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, zinazovumilia nyuzi joto 105, na uangalie upande wa hasi mara mbili kabla ya kulehemu. Safisha kwa spiriti na mswaki laini, acha ikauke kabisa. Petroli usiitumie.

Transista iliyopasuka au njia iliyoungua ni habari tofauti. Usikimbilie kuibadilisha. Fuata njia ile kwa macho na kwa testa hadi kwenye pini, fuata pini hadi kwenye waya, fuata waya hadi kwenye kifaa kinacholishwa nao. Huko mwisho ndiko kuna mwuaji.

Nani kaiua?

Kwetu hapa, anayeongoza ni mashine ya kuchomelea. Chesi zinakatika kwenye mashimo, fundi wa kuchomelea anaitwa kando ya barabara, anafunga masi yake popote anapoona chuma, na batri zimeunganishwa. Umeme wa kuchomelea unatafuta njia ya kurudi, na njia nyingine inapita ndani ya kalkulateri. Kabla ya kuchomelea toa vibano vyote vya batri, chomoa soketi za kompyuta, na masi ya mashine ifungwe karibu kabisa na pale panapochomelewa.

Wa pili ni kuazima moto. Pikapu ya volti 12 imelala, lori la volti 24 linasimama kwa wema, nyaya zinafungwa. Pikapu inaweza kuwaka, lakini umeilisha maradufu ya chakula chake. Fungia nyaya kwenye batri moja tu ya lori, zaidi ya hapo kataa.

Kuna maji pia. Pampu ya kuoshea injini inasukuma maji mahali ambapo mvua ya miaka kumi haikufika. Na kuna koili kama ile ya Canter ya Mama. Kabla ya kufunga kompyuta mpya, pima omu za kila valvu, kila injekta na kila rele inayolishwa nayo, na ulinganishe na kitabu au na gari zima la aina ileile. Inachukua saa mbili. Mimi sifungi tena boksi bila saa hizo mbili, hata mteja akinuna.

Kununua na kufunga nyingine

Namba ya kwenye kibandiko ndiyo kitambulisho. Toyota nyingi huanza na 89661, lakini kinachoamua ni tarakimu zinazofuata. Zifanane zote hadi ya mwisho. Muuzaji atakuambia, "Hii ni ya injini ileile, itaingia." Soketi itaingia kweli. Lakini ya gari la gia za mkono na ya gia otomatiki hazifanani kwa ndani, na ya nchi moja na nyingine zinaweza kutofautiana. Mtumie picha ya kibandiko chako, umdai picha ya kibandiko chake na ya pini zake kabla ya kutuma fedha.

Uliza kama gari lako lina ulinzi wa ufunguo. Likiwa nao, kompyuta ya okazyo itawaka taa, itazungumza na skana, na itakataa kutoa mazutu, kwa sababu haiujui ufunguo wako. Kumbukumbu hiyo mara nyingi ipo kwenye chipu ndogo ya miguu minane yenye maandishi yanayoanza na 93C au 24C. Mwenye mkono mwepesi anaweza kuihamisha kutoka boksi la zamani kwenda jipya, au kuisoma na kuiandika kwa mashine. Ndiyo sababu boksi lililokufa halitupwi wala haliachiwi muuzaji kama sehemu ya malipo.

Injini za komonreli zinadai kazi moja zaidi. Kwenye kichwa cha kila injekta kuna herufi na tarakimu zilizochapwa, ambazo zinaieleza kompyuta tabia ya injekta ile. Zipige picha kwa mpangilio wa silinda, uziingize kwa skana kwenye kompyuta mpya. Ukiacha, lori litawaka lakini litagonga, litatikisika na kutoa moshi, na utaanza kulaumu kompyuta ambayo haina kosa.

Ukishafunga, masi ya batri irudi ya mwisho. Fungua kontakti na usipige stata bado: angalia taa ya injini, angalia volti 5, soma skana. Waka, pima chaji, gusa boksi kila baada ya dakika chache kwa nusu saa ya kwanza. Liwe vuguvugu tu. Kisha lipeleke barabarani na mzigo, urudi usome namba tena.

Canter ya Mama ilipata kompyuta ya tatu, valvu mpya, na waya mpya wa masi. Shoferi wake nilimfundisha habari ya batri pale pale garajini, mara mbili. Mwezi wa nne baada ya hapo akanipigia kutoka njia ya Masisi: bampa limeng'oka, fundi wa kuchomelea amekwisha kuwasha jenereta.

"Mzee, nitoe waya upi kwanza?"

Nikamwambia hasi, halafu chanya, halafu soketi mbili za kalkulateri, na azifunge kwa mfuko wa plastiki vumbi lisiingie. Akaacha simu wazi juu ya kiti. Nikasikia kibano cha kwanza kikitoka, kisha cha pili, kisha akamwambia yule fundi, "Sasa unaweza."